Upanga Uliosonga Ugali

Enzi zetu kule estate ya reli, Nakuru, mtoto asiye na upanga wa kininja alikuwa maiti. Sitanii. Vita vilihitaji wafu, basi kazi yako ilikuwa kulala nyasini, kuuawa, na kutotikisika hata siafu wakikupanda. Mimi nilikuwa maiti likizo nzima, na nilikuwa nimechoka kufa.

Ukitaka kufufuka, ilibidi upeleke upanga kwa Wekesa, jirani yetu, aliyeona video za Wajapani kuliko sisi sote na hivyo akawa hakimu. Wekesa alikuwa mkali! Alifumba jicho moja, akautazama upanga kuanzia mpini hadi ncha, akitafuta mpindo. Ukinyooka kama rula, umeanguka. Aliulaza juu ya kidole aone uzito unaegemea wapi. Kisha aliupunga hewani, sote kimya, na usipolia fyuu, unarudi kwenu na kuni yako.

Wangu niliuchonga kutoka tawi la mzeituni wa mwitu, lililokuja na kuni za Rongai likiwa limepinda lenyewe. Raha tupu! Niliulainisha kwa kipande cha chupa, nikaupaka mafuta ya kupikia, nikautia kifuniko cha mkebe cha kukinga vidole, na mpini nikauzungushia blada, ule mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukapita jicho. Ukapita kidole. Ulipolia fyuu, moyo wangu ulicheza ngoma ya isukuti. Ulibaki mtihani mmoja tu: kufyeka thabai, yale majani yanayowasha, kwa pigo moja.

Ndipo mama akatokea mlangoni. Wageni walikuwa wamefika kutoka Kakamega, sufuria iko motoni, na mwiko umemvunjikia ndani ya ugali. Akaona nilichoshika.

"Leta hapa hiyo!"

Akabandua blada, akatupa kifuniko, akauosha, akaanza kusonga. Nililia kama mfiwa. Ninja wote walijazana mlangoni pa jikoni kutazama. Ugali ulikuwa mwingi na mgumu, na mama alikuwa na mikono ya nguvu, lakini upanga haukutoa hata mlio wa kupasuka. Wekesa alipewa sahani, akala, akafuta mdomo, akatoa hukumu.

"Hii imepita. Thabai ni nini mbele ya ugali ya mathe? Huyu si maiti tena."

Nilicheka mpaka mchuzi ukanitokea puani. Tangu siku hiyo nilipigana kama wengine, ila kila jioni mama aliita, "Ninja! Rudisha mwiko!" na vita vyote vikasimama. Nani angebishana naye?

Juzi nilikuwa kwa mama. Mpwa wangu Brayo ametundika ukutani upanga alioagiza kwa simu, unang'aa kweli.

"Auntie, hii ni original. Iko na nyota tano!"

Nyota za watu asiowajua! Vijana wa siku hizi hukagua upanga kwa kidole gumba. Nilifumba jicho moja: umenyooka kama rula. Nikaupunga: ukalia kachakacha, mpini umelegea. Maskini Brayo.

Nikaenda jikoni nikachukua mwiko, ule ule wangu, nikarudi nao sebuleni. Ncha imelika sana. Miaka yote hii tumekuwa tukiula kidogo kidogo pamoja na ugali. Wekesa alihama, nyasi zetu zimejengwa maduka, na siku hizo nazitamani zote, hata siafu wake. Niliupunga.

Fyuu.

"Brayo, lala chini. Wewe ni maiti."

Alikuwa bado ananitumbulia macho sauti ya mama iliponifikia kutoka jikoni, imezeeka lakini ni ile ile.

"Ninja! Rudisha mwiko, maji yamechemka."