Umri wa Jiwe la Kunolea

Nilipopelekwa shule kule Kashozi, mwalimu hakuuliza nilizaliwa lini, nani angejua? Aliniambia nipitishe mkono wa kulia juu ya kichwa nishike sikio la kushoto. Mkono haukufika. Nikarudishwa nyumbani kwamba sijazaliwa vya kutosha. Ulipokuja kufika, nilikuwa nimeshaonja raha ya kuchunga mbuzi, na shule ikanipata kidogo tu. Ndiyo maana ninaandika kama ninavyoongea, mnivumilie. Nilichotaka kusema ni kwamba umri kwetu ulipimwa kwa sikio, na hakuna aliyelalamika.

Sasa hili jiwe.

Liko kibanjani kwangu huku Muleba, jeusi, kubwa kama ndama aliyelala, wakati mawe mengine yote hapa ni ya mchanga. Kati yake na mstari wa miramula, ile mimea tunayopanda kuwa mpaka, amelala mama yangu. Jirani yangu, mtu wa sala zote na kila kamati, alipomzika baba yake akagundua ghafla kwamba mpaka ni jiwe, miramula imepandwa juzi. Maana yake mama yangu kazikwa kwake, na siku akitaka kupanda muhogo juu yake, nimshukuru kwa mbolea. Mimi nikasema jiwe liliviringishwa na babu yangu kutoka mlimani, wala si mpaka. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hajawahi kuamua jambo na tumbo tupu, akaahirisha.

Ndipo akatokea binti wa chuo kikuu, akizunguka kutoka Bukoba hadi kwetu na nyundo yake, akigonga mawe meusi. Tukasikia anapima umri wa mawe. Kitongoji kikashangilia, kesi imekwisha! Jiwe likiwa la juzi, limeletwa na babu yangu; likiwa la kale, jirani kashinda. Mwenyekiti akasema hivyo akishiba ndizi na maharage yangu. Binti akavunja kipande, akaondoka nacho.

Kiangazi kilichofuata akarudi. Tukakaa kulizunguka jiwe, tukitafuna punje za kahawa kama desturi yetu. Akasema zamani ardhi ilipasuka nyufa, na mawe yaliyoyeyuka yakatoka humo, hayakungoja mlima wa moto, yakafurika nchi kama uji uliosahauliwa jikoni. Mengi yameshaliwa na mvua. Yaliyobaki ni yale yaliyogandia ndani ya nyufa, kama hili. Ndani yake mna chembe zenye madini ya urani, nayo hugeuka madini ya risasi taratibu mno. Ukipima kiasi kilichogeuka, unajua jiwe liliganda lini. Hilo nililielewa. Ndizi za lubisi, pombe yetu, tunazivundika shimoni. Ukifukua ukaona zilivyoiva, unajua zilifukiwa lini.

“Basi lina miaka mingapi?” jirani akauliza.

“Zaidi ya bilioni moja, babu.”

Jirani akatutazama kama aliyeliyeyusha mwenyewe. Akataka kujua kama babu yangu naye ana bilioni. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, kazi imekwisha. Binti akaeleza kwamba huo ni umri wa kuganda, si wa kufika hapa. Mzee aliyehamia Kashai jana hawezi kusema ameishi Kashai tangu azaliwe. Nani amsikilize? Tulikuwa tumeshapata namba.

Akapapasa mgongo wa jiwe, pale palipobonyea na kung’aa. Akasema mvua haifanyi hivi, akauliza nani amelisugua.

“Sisi,” jirani akasema, kifua mbele. “Babu yangu alinolea panga hapa, baba yangu hapa, na mimi leo asubuhi hapa hapa. Haya ya mchanga yanakula panga, jamani waitu. Hili ndilo linatoa makali.”

Watu wakaacha kutafuna. Kwetu mwenye kibanja haigusi alama ya mpaka kwa chuma. Anayeigusa anahesabiwa mwizi wa ardhi, yeye na nyumba yake. Mtoto anayechunga mbuzi anajua hilo. Na huyu mtu wa kamati ametoka kuutangaza ukoo wake wote, kuanzia babu.

Nikamuuliza kwa upole ambao sijui niliutoa wapi:

“Sasa, jirani, hili ni la mpaka au la panga?”

Alilitazama panga lililokuwa magotini pake. Kisha akainuka, akalizunguka kaburi la mama bila kulikanyaga, akavuka miramula, akaingia migombani kwake. Hajarudi tena, hata kunoa.