Maneno Arobaini Kwenye Mianzi ya Baba

Harufu ya ulanzi wa alfajiri haifanani na ile ya kilabuni. Ya kilabuni inakuchoma puani, imechanganyika na moshi na jasho la wanywaji. Ya alfajiri ni tamu, ni ya majani mabichi yaliyolowa, na nyuki wanakuwa wamekutangulia. Kwetu Iringa mvua zikishashika, mianzi michanga huchipua, na mgemaji hukata ncha ya kila chipukizi, akafunga hapo mbeta, kile kipande cha mwanzi mkavu kinachokinga ulanzi tone kwa tone. Asubuhi na jioni anarudi na kisu kukiparura kile kidonda, anatoa ganda jembamba kama karatasi, ili kisizibe. Wanasema haba na haba hujaza kibaba, na mimi hicho kibaba nimekiona kikijaa kwa macho yangu.

Kugema ni kazi ya wanaume. Lakini mwaka ule niliokuwa darasa la nne, baba yangu Yohana aliteleza kwenye ngazi ya ghala la mahindi akavunjika mguu, na kaka zangu, Festo na Obadia, walikuwa Mufindi kwenye mashamba ya chai. Basi kisu kikaja kwangu. Baba alinipeleka mara moja tu, akichechemea na gongo lake, akanionyesha njia. Anza na huu wa njiani, fuata huu, kisha ule, mpaka wa mwisho kule kijitoni. Mianzi arobaini na miwili. "Usiruke hata mmoja, Ester," akaniambia. "Ukiuruka leo, kesho umeziba. Na kama huna hakika umeupitia, rudi mwanzo uanze upya." Nikashika. Mtoto wa siku zile ukiambiwa na baba yako unashika.

Mwaka huohuo ndio tuliokuwa tukijiandaa na mtihani wa kuingia shule ya bweni ya wasichana. Mtihani wenyewe ulikuwa mmoja tu katika maisha. Ukipita, unapanda gari na sanduku lako la bati. Usipopita, unarudi kwa mama kushika jembe, na baada ya muda kidogo watu wanaanza kuulizia posa. Wasichana tulikuwa watano: mimi, Yustina, Tabitha, Skolastika, na Damari, binti wa baba yangu mdogo Filipo. Mwalimu wetu aliitwa Anyosisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mpole, ambaye kila siku alitukumbusha kwamba kwao Mbeya watu wanakula ndizi, si huu ugali wetu wa kumchosha mtu taya. Siku moja akaandika ubaoni maneno arobaini ya Kiingereza, magumu kweli, akasema, "Haya hamtayasikia sokoni. Haya ndiyo yatakayowachuja." Tukayanakili kwenye madaftari. Nyumbani kwetu taa ya mafuta ilikuwa moja na mama alikuwa anaihitaji jikoni, kwa hiyo muda wangu wa kusoma ukawa uleule wa kugema.

Sijui wazo lilinijiaje. Nilianza kuupa kila mwanzi neno lake, na kila nikiparura nalitamka neno na maana yake. Wa kwanza, ule mzee wa njiani, nikauita "ancient", wa kale. Wa sita ulikuwa unadondosha kwa shingo upande, tone moja unasubiri mpaka uchoke. Huo nikauita "reluctant". Wa kumi na tano ulijaza mbeta mpaka ukamwagika chini kwa siafu. Huo ukawa "generous", mkarimu. Ulioinamia shamba la jirani, ukivutwa unarudi kulekule, huo "obstinate", mbishi. Miwili ya mwisho haikupata neno, nikaiita kwa majina ya kaka zangu. Nilikwenda hivyo asubuhi na jioni, umande ukinilowesha mpaka magotini, nikisema na mianzi kama mwendawazimu.

Jambo hilo halikufichika. Mzee Luvanda, rafiki wa baba, alikuja asubuhi moja akanikuta nimesimama nasema peke yangu. Jioni akawaambia wenzake wote. Toka hapo watu wakija kunywa kwetu walikuwa wanachagua.

"Kamwene, mwanangu. Leo nipe wa Jenerosi."

"Wa Jenerosi umeisha, mzee. Upo wa Rilaktanti."

"Aa, huyo mvivu siye! Huyo mpe Filipo, wanafanana."

Baba alicheka mpaka akashika mguu wake. Mwenyewe hakujua kusoma hata jina lake, lakini ilipofika wiki ya tatu alikuwa akimwita baba mdogo Rilaktanti kila akichelewa kuja kwenye kazi. Damari yeye alinizomea: "Ester, wewe unasoma na walevi!" Lakini jioni tulikwenda kuokota kuni pamoja, na njiani alikuwa ananiuliza ovyo, la mwisho kabla ya la kwanza, la katikati kabla ya la mwisho, na mimi nilimjibu nikiwa nimesimama, nimefumba macho. Alidhani nina maringo. Kumbe nilikuwa natembea kichwani, kutoka mwanzi wa njiani mpaka nilipolikuta neno.

Siku ya mtihani ikafika. Tulitembea na Mwalimu Anyosisye mpaka Iringa mjini, tukalala Kihesa kwa shangazi Agripina, aliyetupa maziwa mgando na kutusuka upya wote watano. Asubuhi tukaingizwa kwenye darasa lenye sakafu ya saruji, baridi ikitupanda miguuni. Msimamizi alikuwa mama mmoja wa miwani, mbele yake kengele ya mkononi. Nikageuza karatasi. Maneno yote yalikuwemo! Arobaini yote ya Mwalimu, nakwambia. Ila walikuwa wameyachanganya. Neno la kwanza kwenye karatasi lilikuwa la mwanzi wa thelathini na nane.

Nikaanza njiani. Ancient, wa pili, wa tatu, nikashuka mpaka thelathini na nane, nikaandika maana yake. Neno la pili lilikuwa la mwanzi wa ishirini na moja. Mtu mwingine angerudi hatua chache. Mimi nilirudi mwanzo, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na mkono wangu wa kushoto chini ya dawati ulikuwa unaparura hewa. Kila neno nililitembelea hivyo. Damari mbele yangu alikuwa anafunua ukurasa wa pili, na mimi niko kijitoni. Kengele ilipolia nilikuwa nimeandika kumi na saba.

Majibu aliyaleta Mwalimu mwenyewe, kwa baiskeli, kwenye matope. Damari alikuwa amepita, yeye na Tabitha. Mwalimu hakutaka kukaa. Alisimama mlangoni ameshika kofia, akamwambia baba, "Mzee, nimeomba niione karatasi yake. Yale aliyoyaandika, yote ni sahihi."

"Kwa hiyo hakukosa," baba akasema.

"Hakukosa, mzee. Hakumaliza."

Kisha akaniuliza imekuwaje, nikamweleza, naye baba anasikia. Mama alitoka nje. Baba alitazama gongo lake, akasema taratibu, "Mimi ndiye niliyemwambia." Kesho yake nilipoamka kisu hakikuwepo. Nilimkuta shambani, mguu haujapona, anajikokota mwanzi kwa mwanzi. Akaniambia, "Nenda kalale, mama." Hakuwahi kuniita mama kabla ya siku ile. Sikumlaumu, na mpaka alipokufa sikuwahi kumlaumu.

Damari akawa muuguzi, na kila likizo alikuja kwetu kwanza kabla ya kwao. Mimi niliolewa, nikalima, nikazaa sita, nikauza nyanya, na sasa ninaishi Mlandege na mjukuu wangu Neema, anayetafuta nafasi ya chuo Marekani. Naye anasoma maneno ya Kiingereza, mamia kwa mamia, kwenye simu. Mengine siyajui kabisa. Simu inamuuliza, inamsahihisha, inamhesabia dakika. Mwezi uliopita alikwenda Dar es Salaam kufanya mtihani, na alama zilipotoka hazikutosha. Nilimwona ameinama kwenye kochi, analia, nikahisi baridi ya ile saruji. Nikakaa karibu yake. Nilikuwa natafuta la kumwambia, lile ambalo miaka yote hii nimekosa wa kuniambia.

Akajifuta uso kwa mtandio. "Sawa tu, Bibi," akasema. "Nitarudia mwezi wa kumi."

Nitarudia. Alilisema kama anavyosema nitafua kesho. Kwetu hakuna aliyelitamka siku ile, si baba, si Mwalimu Anyosisye na Kiingereza chake chote. Nisikudanganye, wivu ulinipita kidogo, kisha ukaenda zake. Nikamwambia anawe uso, chakula kiko tayari.