Karani Alisema Chanya

Siku karani wa hospitali alipopiga simu kusema majibu yangu ni chanya, dada yangu alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Mimi nilikuwa nimeshika mkasi. Ukanidondoka.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Nilikutwa na saratani ya titi nikiwa bado namnyonyesha mwanangu Kidoti. Nilipigwa kemo, zile dawa kali za saratani za mshipani, mara sita. Nywele zikaenda, kucha zikawa nyeusi, lakini uvimbe ukasinyaa. Ndipo daktari wa upasuaji akaondoa uliobaki, pamoja na tezi nne za kwapani.

"Hizi tezi ndizo zitakazotuambia kama dawa imesafisha," alisema. "Zikiwa safi, kukata kumeisha. Saratani ikiwa bado imo, huenda tukarudi kusafisha kwapa lote. Mkono unaweza kuvimba, sikufichi."

Mkono wenyewe ni wa kulia. Na mimi ni fundi cherehani.

Sasa hiyo simu. Dada ndiye aliyepokea, akaweka sauti ya nje.

"Majibu ya tezi ni chanya kabisa. Njooni Alhamisi kwa daktari."

Ikakatika.

"Chanya! Mdogo wangu, umepona!" Dada akaanza kuzunguka na khanga kichwani.

Nikajikaza kisabuni, nikatabasamu.

Mimi nilisoma masomo ya jioni. Mwalimu wa baiolojia alitukaririsha: kipimo kikiwa chanya, kilichotafutwa kimeonekana. Kikiwa hasi, hakikuonekana.

Nyumba nzima, mimi peke yangu nilijua tunashangilia nini.

Siku tatu sikumwambia mtu. Nilijaribu kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto, kikatoka kama kimetafunwa na panya. Kidoti akisema "mama beba", nageukia ukutani.

Nikamfundisha mume wangu kumsuka mtoto.

"Kwani unasafiri?" akanitania.

"Jifunze tu, Baba Kidoti."

Akaniangalia. Hakutania tena.

Alhamisi asubuhi nikagoma.

"Siendi. Wakinikata tena nitashonea nini, meno?"

"Nani kasema unakatwa?" dada akashangaa. "Si majibu mazuri?"

Mume wangu akachukua viatu vyangu, akapiga magoti, akanivalisha kimoja kimoja.

"Ukitaka kumgomea daktari, kamgomee mbele yake. Mimi nitakaa pembeni yako."

Tukaenda wote watatu.

Daktari alifungua faili, akasoma kimya. Akarudia ukurasa. Nilikuwa nasikia feni, na mshono wa kwapani ukinivuta.

"Tezi zote nne ni hasi."

Dada akaangua kilio. "Hasi! Jamani, mdogo wangu!"

"Mama, mbona unalia? Hasi maana yake hatukukuta saratani."

Mimi nilikuwa nimeganda. "Daktari, karani wenu alisema chanya."

Karani akaitwa, mama mtu mzima, mpole kweli.

"Nilisema chanya, ndiyo, yaani nzuri! Si ndivyo watu wanavyosema?"

Ndivyo watu wanavyosema. Dada yangu aliielewa simu ile kuliko mimi niliyesoma.

Nilitaka kucheka. Daktari hakucheka. Alivua miwani.

"Ulikuwa huji leo?"

"Nilikuwa siji."

"Tezi ni safi, lakini matibabu hayajaisha. Leo ndiyo siku ya kukupangia mionzi, ili isirudi. Kuna wagonjwa wangu waliobaki nyumbani kwa hofu kama yako. Wengine walikuja baada ya mwaka. Wengine hawakuja tena."

Chumba kikawa baridi. Mume wangu akanishika bega.

Ndugu yangu unayesoma hapa, elimu yangu ndogo ilitaka kuniua kwa sababu sikuuliza. Ukipewa neno la hospitali, usiende kulitafsiri peke yako moyoni. Mwambie aliyelisema: unamaanisha nini? Mwambie tena kama hujaelewa. Hakuna aibu.

Mionzi naanza Jumatatu. Nimeuliza maana yake, na maswali mengine kumi na moja.

Daktari aliyajibu yote.