Dakika za Fundi Viatu

Fundi viatu alikuwa mchoyo wa maneno. Vocha moja ilimkalia miezi, maana akimpigia mteja alisema, "Viatu tayari," akakata. Binti yake akamuunga kwenye kifurushi cha mwezi, dakika mia tano. Siku ya mwisho zilikuwa zimebaki mia nne na ushee, na jioni zingefutika. Mtu asiyetupa hata kipande cha soli! Roho ikamuuma. Akapiga kwa dada, kwa shemeji, kwa wateja, mpaka wote wakazima simu. Basi akampigia mkewe, aliyekuwa jikoni. Wakapiga soga mpaka sufuria ikaungua.

Kesho yake alipotaka kurudi kwenye vocha, mkewe alikuwa ameshamnunulia kifurushi kingine.

"Miaka ishirini nimeishi na bubu," alisema. "Saa nne nipigie."