Nilimrudisha mbasa mtoni, sasa ukweni wanataka maelezo

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe wikiendi iliyopita na hasira bado ninazo, kwa hiyo mkiona naandika kama mtu anayegomba, mnivumilie. Chumvi sijatia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mtu wa Singida, nimepanga Lizaboni hapa Songea. Mchumba wangu ni Editha, Mmatengo wa Mbinga.

Washenga walishaenda, barua ikapokelewa. Kilichobaki ni baba yake kuja kuona ninapoishi, kisha atoe jibu. Yeye na mama wangefika Jumapili jioni.

Jumamosi mwalimu mwenzangu akanishawishi twende milimani Umatengo, kwenye safari ya kuvua na guide. Wanaita catch and release. Unavua, unapiga picha, unamrudisha samaki majini.

Ndiyo, nililipa hela yangu ili ninyimwe samaki. Chekeni kabisa, nasubiri.

Guide mwenyewe ni mpole wa sauti lakini masharti yake ni ya sista wa bweni. Kwanza akabana kijino cha ndoana kwa plaizi ili isimuumize samaki. Halafu, usimshike kwa mikono mikavu. Usimtoe majini. Usipige kelele.

Jumamosi nzima tukaambulia baridi.

Jumapili asubuhi kamba yangu ikavutwa mpaka nikakaa chini kwenye mawe. Mbasa! Mrefu kama mkono wangu, tumbo limejaa. Guide akaniambia ni jike, ametoka Ziwa Nyasa anapandisha mto kwenda kutaga. Nikalowanisha mikono, nikamshika ndani ya maji, picha ikapigwa.

Nikalegeza vidole. Akatulia kidogo mikononi mwangu, kisha akaondoka.

Nilifurahi, wakuu. Naomba mlikumbuke hilo.

Kosa langu lilikuja baadaye. Tulipofika penye mtandao nikamtumia Editha ile picha na neno moja tu, "Nimempata!" Kabla sijaongeza lingine, simu ikazima chaji.

Editha kwa furaha akairusha kwa baba yake, ambaye muda huo alikuwa ndani ya basi anakuja. Halafu akamwambia shangazi yake wa Ruhuwiko, hapahapa mjini, aliyekuwa aje kupika, asinunue nyama.

Nafika kwangu, nakuta Editha ameshawafungulia; baba, mama na shangazi wameketi. Nyanya zimeshakatwa, maji ya ugali yako jikoni. Shangazi akanipokea begi kwa heshima zote, akalifungua palepale. Ndani mna soksi zilizolowa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Samaki yuko wapi?"

Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Shangazi akauliza, kwa upole kabisa, kama kuna nyumba nyingine hapa Songea inayokula mbasa leo. Nikamwita mwalimu mwenzangu aje kutoa ushahidi, shangazi akasema wanaume mnafichiana. Na picha niliyodhani itanitetea ndiyo ikanimaliza, maana samaki anaonekana yupo!

Tukala ugali na mayai ya kukaanga ya dukani kwa jirani.

Baba alipomaliza kunawa akaomba simu ya Editha, akaitazama ile picha muda mrefu. Huyu ni mkulima wa kahawa, kila alicho nacho amekitoa kwenye mteremko kwa jembe.

"Mwalimu," akasema, "ungekuwa mwongo ningekusamehe. Lakini naona unasema kweli. Umeshika kitu kizuri kwa mikono miwili, hakuna aliyekunyang'anya, ukakiachia mwenyewe. Binti yangu nikikupa, utamshikaje?"

Nikaanza kueleza habari za mayai na kuzaliana kwa samaki. Nilijisikia kama niko Form Two kipindi cha mwisho, hakuna anayesikiliza.

Wakaondoka kwenda kulala Ruhuwiko. Editha akabaki nyuma kidogo mlangoni, akaniuliza, "Ukimpata tena, utamwachia?"

Ningesema hapana, yakaisha. Mimi nikanyamaza nifikirie. Akaniangalia, akawafuata wenzake.

Jumatatu shangazi akapiga simu. Baba hajakataa. Anataka niende Mbinga na mbasa niliyemvua mwenyewe, na awe na jeraha la ndoana mdomoni, asije akaletewa wa sokoni.

Nikampigia guide. Akasema pale hairuhusiwi kuondoka na samaki, na ndoana zake hata jeraha la maana haziachi. Jamani!

Nilichojifunza ni kwamba usimtumie mtu mwenye njaa picha ya chakula kisichokuja. Na mchumba akikuuliza swali mlangoni, jibu hapohapo, kufikiri utafikiri ukilala.

Mliooa Umatengo, nisaidieni. Wa "tafuta mwingine" pita kimya, sijauliza hilo.

Maana swali la Editha nimeshalifikiria mpaka mwisho. Yule mbasa nikimpata kesho, nitamwachia tena. Editha siwezi kumwachia.

Sasa hayo mawili nayasemaje mbele ya baba yake, kwa siku moja, na mikono mitupu?