Diski Kumi za Katoni Moja

Jumatatu, Machi 2006, saa mbili na nusu asubuhi, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Wapagazi wanapita na maboksi kichwani, matope ya mvua ya jana yanawarukia miguuni. Ndani ya duka lenye upana wa mlango, Badriya Suud (34) ameegemeza ncha ya bisibisi juu ya diski ya kompyuta, mpini ameubana sikioni. Amefumba macho kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

Ta. Ta. Ta. Kisha kimya.

"Imekufa," anasema, bila kumtazama mama aliyeketi mbele yake. "Sindano ya ndani inagonga tu, haisomi."

Mama huyo ni Sarla, mwenye studio ya picha Kisutu. Diski hiyo ina harusi za watu za miezi saba. Ina pia picha za mwisho za mumewe, aliyefariki Februari.

"Na ile ya akiba niliyokuachia wiki iliyopita, je?" anauliza taratibu.

Badriya anainamisha kichwa. Nayo imekufa, ameshindwa kuifufua.

Dukani hapo baba yake aliuza vitenge. Biashara ilipofunguliwa na makontena ya kompyuta kuanza kushuka bandarini, binti akajifunza ufundi, akabadilisha bidhaa. Tangu mwaka 1998 ameuza diski za chapa moja tu, ile ambayo mtaani inaitwa Kijani kwa rangi ya lebo yake. Ya kwanza aliyoitumia ilistahimili mgao wa umeme miaka minne. Basi, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Mafundi wanaouza Nyekundu, chapa pinzani, walimtania kuwa kwake diski ni kama timu ya mpira: hata ikifungwa kila wiki, hahami.

Agosti iliyopita alinunua katoni ya diski kumi. Kila moja aliiuza Sh85,000, faida yake Sh7,000. Sarla alichukua mbili, moja ya kazi na moja ya akiba.

"Nilimwambia alale usingizi, mali yake iko salama," Badriya anasema. "Kumbe ni mapacha! Zimezaliwa siku moja, zina ugonjwa mmoja. Ningempa moja ya chapa nyingine, leo picha angekuwa nazo. Fundi mzima, sikuliona hilo. Kuuza Nyekundu niliona kama usaliti."

Sarla hapigi kelele. Anaiviringisha diski katika leso, anaitia mkobani.

"Wewe si mwongo, binti yangu," anasema akiinuka. "Ulipenda mno, basi."

Badriya anasema afadhali angetukanwa.

Diski nane zilizobaki zimo mikononi mwa watu: duka la dawa, shule, ofisi kadhaa. Awadhi, muuza Nyekundu wa duka la pili, alimshauri anyamaze.

"We dada, ukajitangaze mwenyewe? Nani atarudi kwako? Una mtoto wa kulisha."

Kesho yake Badriya alifunga duka, akaanza kuzunguka kwa miguu. Watano walimsikiliza, wakahamisha kazi zao. Wawili walihamisha huku wakimfokea, wakaapa hawatakanyaga tena kwake. Wa mwisho alikuwa Manan, mhasibu mwenye ofisi eneo la Posta, anayetunza vitabu vya wafanyabiashara kumi na wawili. Yeye alicheka.

"Dada Badriya! Umehamia Nyekundu? Wamekupa ngapi?"

"Kaka, sitanii. Hamisha kazi za watu."

"Miezi saba haijakohoa! Kijani hakifi. Si wewe uliyenifundisha?"

Badriya aliondoka. Hakuna aliyemfungia mlango, anasema, ila maneno yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo wateja wamepungua. Wiki nzima ameuza vipanya viwili na waya mmoja wa umeme.

Hata hivyo, leo, Jumatatu nyingine, ametoa Sh80,000 kwenye akiba ya nyumbani na kununua Nyekundu moja kwa Awadhi. Haiuzwi. Kesho asubuhi anaipeleka Posta.

"Sitabishana na Manan," anasema, akiifunga kwa gazeti. "Nitamwambia, kaka, nipe kiti na saa mbili tu, ninakili, wewe endelea kunicheka. Mume wa Sarla sitamrudisha hata kwa picha. Lakini ya Manan bado inasoma. Leo bado inasoma."