Ripita Akae Katikati

Hebu niambie, msomaji: king'ora cha kazini kwako kilijaribiwa lini? Hujui. Unapita chini yake kila siku na hujui. Mnanichosha. Mkiona taa ya kijani mnaridhika, mnaenda zenu kunywa chai.

Kuna fundi umeme mmoja wa kiwandani, mwanamke, hakuridhika. Jina lake tangu shule ni Ripita, maana alirudia darasa la tano. Alikuwa anakaa dawati la nyuma kabisa, sauti ya mwalimu inamfikia vipandevipande, naye anaandika vipande hivyohivyo. Mwaka wa pili wakamhamishia katikati, akafaulu. Kufaulu kukasahauliwa, jina likaganda.

Kiwanda chao cha kugandisha nyama kilijenga chumba kipya cha baridi nyuma kabisa ya uwanja, waya wa mita elfu moja na mia tano kutoka chumba cha kuongozea mitambo. Huko akapangwa mjomba wake, aliyemlea na kumfundisha kushika bisibisi. Peke yake zamu nzima, yeye na mabomba ya amonia, gesi inayopoza nyama na kuua watu. Ukutani kuna kifaa cha kunusa gesi. Ikivuja, kitume habari, king'ora kilie, wa mitambo wafunge valvu.

Shida ni kwamba waya wa aina ile huchoka kwenye mita elfu moja na mia mbili hivi. Habari inafika imechanika, skrini haiielewi, inabaki na ile ya mwisho iliyoielewa: kijani. Dawa yake ni kiboksi kinachosikia habari njiani na kuirudia upya kwa nguvu. Kinaitwa nini? Ripita. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Msimamizi akasema leo Ripita kapata ndugu.

Naye fundi wetu akakosea. Alikifunga palepale kwenye chumba cha mitambo, kwa kuwa umeme upo karibu na mvua haifiki. Siku ya majaribio mjomba akasogeza kitambaa chenye matone ya amonia kwenye kile kifaa, kisha akapiga simu.

"Huku machozi yananitiririka, mwanangu. Kwenu kunalia?"

"Kimya, mjomba."

Msimamizi akamletea karatasi. Chumba kinafunguliwa Jumatatu, weka sahihi, mengine tutarekebisha mbele ya safari. Mjomba mwenyewe, macho mekundu, alimnong'oneza asaini tu, kazi hazipatikani. Ripita alikuwa anakitazama kile kiboksi, taa zake zinapepesa kwa bidii.

"Kinarudia kweli," akasema mwishowe. "Ila kinasikia vibaya. Kimekaa dawati la nyuma."

Msimamizi akatishia kumrudisha nyumbani. Akamjibu amfukuze akitaka, lakini sahihi yake haipati.

Jumapili yeye na mjomba walikihamishia katikati ya waya, kwenye ukuta wa banda la baiskeli, ndani ya kasha lisilopitisha maji. Mjomba akarudi na kitambaa chake. King'ora kikalia hadi walinzi wa getini wakakimbia. Safari hii hakuna aliyecheka. Karatasi ikasainiwa.

Miezi saba baadaye bomba lilipasuka kwenye maungio. King'ora kililia, valvu zikafungwa, mjomba akakutwa anatambaa mlangoni. Mzima, ila gesi ilimchoma koo. Hadi leo sauti yake ni mnong'ono. Wageni wakija, Ripita hukaa kiti cha katikati, anamsikiliza, anarudia kwa sauti.

Msimamizi naye alikwenda kumjulia hali. Mjomba akanong'ona kwa muda mrefu, akipumzika kila baada ya neno.

"Anasema karibu," Ripita akarudia. "Na anasema usimwombe tena mtu sahihi ya uongo."

Msimamizi akainamisha kichwa. Halafu akauliza, kwa upole, kama hilo la pili ni la mzee au ni lake.

"Mimi narudia tu nilichosikia."

Mzee akatikisa kichwa kukubali.

Sasa wewe, usiniandikie pole hapo chini. Kesho ukifika kazini, ulizia king'ora. Wakikuonyesha taa ya kijani, waambie wakijaribu mbele yako, na usiondoke mpaka ukisikie kinalia.